Isale Lililotangulia

Asubuhi ile Aika aliamka na neno lake moyoni kama mtu anavyoamka na jino bovu. Hujafungua macho, na tayari unajua lipo.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai ya Arusha haina adabu. Huingia ndani ya blanketi bila kubisha hodi. Levolosi yote ilikuwa imezama kwenye ukungu. Mlima Meru usiuulize, hata bati la jirani lilionekana nusu. Aika alijifunga khanga juu ya sweta akatoka uani kupiga mswaki, na hapo ndipo alipoliona isale, ule mmea wa majani marefu wa kwenye uzio, limekatwa kichwa. Kidonda cha shina lake kilikuwa kibichi bado.

Akadhani kuna msiba. Jana mama yake alikuwa ameshinda nje kutwa, na aliporudi jioni hakusema alikotoka. Alivua viatu vyake vya kanisani vikiwa na tope hadi kisiginoni, akaingia chumbani, akasema kichwa kinamgonga. Wachaga wa Machame kama wao hawakati isale ovyo. Hulikata kwa mambo ya kaburi na mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, ama kwa kuomba msamaha ule ambao mdomo peke yake hauwezi kuuomba. Aika akajisemea, labda amefariki mama mmoja wa kwaya, nitaambiwa. Akasukutua, akatema, akarudi ndani. Mawazo yake hayakuwa kwenye majani. Yalikuwa kwenye simu.

Chuo cha ng'ambo kilichompokea kilimtaka achague kabla Ijumaa haijaisha, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Angeweza kusoma uhandisi wa maji peke yake, miaka minne, akarudi nyumbani. Au angeweza kusoma uhandisi na uchumi kwa pamoja, shahada mbili kichwa kimoja, miaka sita. Jambo hilo lilikuwa limezungumzwa mezani kwao mwezi mzima, kwenye ugali na kwenye chai, mpaka mtu ungedhani na mboga zimechoka kulisikiliza.

Baba yake, Mzee Frederick muuza vipuri vya magari, hakuwa na shida. Alisema mtoto wa kike aliyewapita wavulana kwenye fizikia asome anachotaka, yeye atasimama nyuma yake. Mwenye shida alikuwa mama. Mama Aika alitaka yote mawili. Aliyataka kwa nguvu, akayaombea kwenye ibada ya alfajiri, akayalilia. Ungemsikia ungesema mama huyu anaipenda elimu kuliko chumvi kwenye chakula. Lakini Aika alimjua mzazi wake. Hakuwa akitamani shahada, alikuwa akitamani miaka. Katika miaka minne msichana anaweza kumbeba mtu moyoni akarudi naye. Sita ni mingi. Katika sita mtu huanguka njiani, na aliyembeba asijue alimwangushia wapi.

Na huyo wa kuangushwa alikuwa Elifuraha wa Maji ya Chai, kijana mwenye meno ya kahawia.

Meno yale hakujitakia. Maji ya upande ule wa mlima yana chumvichumvi yake, haionekani wala hainuki. Mtoto akiyanywa tangu utotoni, meno humtoka na rangi ya chai ya rangi, na wengine hupinda na miguu. Watu wa huko wamezoeana, hakuna anayemtazama mwenzake mara mbili. Shida huanza mtu akipanda gari kwenda mjini. Siku ya Pasaka, Elifuraha alipokuja Levolosi kwa mara ya kwanza na ya mwisho, amebeba mkungu wa ndizi, suruali imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, Mama Aika alimkaribisha vizuri, akamwandalia chai. Kisha, mbele ya wageni, akamwomba atabasamu kidogo ili wamwone.

Elifuraha akatabasamu. Mkono wake ulipanda wenyewe ukaziba mdomo.

Aika hakulala siku ile. Maana kwake yeye kijana huyu hakuwa akiziba. Tangu walipokuwa kidato cha tano darasa moja, kila alipocheka mbele ya watu mkono ulipanda, lakini wakiwa wawili mkono ulikaa chini, na kile kicheko kikatoka chote, wazi, kama mtu aliyefungua dirisha la nyumba yake akakuonyesha hadi jikoni. Hakuna zawadi aliyowahi kupewa Aika ikamfika hapo.

Sasa mwiba ulikuwa huu, na Aika hakuwa amemwambia mtu. Yeye mwenyewe aliutaka uchumi.

Aliutaka kwa sababu ya mtambo. Kwenye kona ya shamba la kina Elifuraha palikuwa na mtambo wa kuchujia maji, tangi la saruji na mabomba yake, uliojengwa na wageni wakati marehemu baba yake yu hai. Ulichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na misimu ya mwanzo watu walinywa maji mazuri, wakawanywesha na watoto. Kisha mkaa ukachoka, kama mkaa wowote unavyochoka, ukatakiwa mwingine. Hakuna aliyekuwa amepanga nani atauleta, wala utatoka wapi. Wageni walikuwa wamekwisha kwenda kwao. Sasa kuku walikuwa wanataga mle ndani. Elifuraha ndiye aliyemwonyesha, kidato cha sita, akamwambia kwamba aliyeujenga alijua maji, ila hakujua watu watakavyoishi nao yeye akiondoka. Neno hilo lilimkaa Aika kooni. Alipoona chuo kile kinaruhusu kusoma yote mawili, alijua limeandikwa kwa ajili yake.

Lakini achague vipi kitu ambacho mama yake alikuwa akikitaka ili kiwe panga? Akibonyeza yote mawili, Elifuraha ataelewaje? Walikuwa wamekubaliana miaka minne. Elifuraha alikuwa amekwisha kumwambia mama yake, Tabea, kwamba mkwe atakuja baada ya miaka minne, na Tabea, na mgongo wake uliopinda, alikuwa ameanza kuomba Mungu amfikishe.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu juu ya sakafu ya baridi. Akabonyeza uhandisi peke yake. Skrini ikamwuliza kama ana uhakika. Akajibu anao. Halafu akavaa koti akatoka, hajaiambia nyumba anakwenda wapi, moyo mwepesi na mzito kwa wakati mmoja, kama ndoo iliyomwagika.

*

Maji ya Chai siku ya soko haina subira. Mabasi ya kwenda Moshi yanapita yakipiga honi, akina mama wanakimbiza madirishani nyanya na vitunguu kwenye beseni, na matope ya barabarani yanakula kiatu cha kila mtu sawasawa. Aika aliwapita wote akashika njia ya kupanda, inayofuatana na kijito. Maji yake yalikuwa ya hudhurungi kama kawaida, yanakwenda taratibu, yamejinyamazia, yasiyojua ubaya wake.

Alikuwa akijisikia anatabasamu peke yake. Alikwisha kuipanga namna ya kusema. Hatasema haraka. Atamwacha Elifuraha ahangaike kwanza, kisha ampe simu aone mwenyewe.

Nyumbani kwao alimkuta Tabea amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, anapepeta maharage. Mgongo wa Tabea ulikuwa umepinda kwa yale yale maji, amepinda mpaka uso wake umezoea kutazama ardhi, na akitaka kumwona mtu hugeuza shingo pembeni kama kuku anayetazama angani. Alikuwa mcheshi kuliko wasichana. Tangu Aika aanze kufika pale, hakuwahi kupewa kiti kabla ya kitendawili. Siku ya kwanza kabisa, hata hajamaliza shikamoo, Tabea alimtegea hiki: namnywa kila siku, naye ananila mifupa. Aika akashindwa. Tabea akadai mji, akapewa Moshi, akaenda Moshi kwa maneno, akala, akalala, akarudi, ndipo akamwambia jibu ni kijito kile pale chini. Akacheka mpaka akashika mbavu, na Aika hakujua acheke au alie.

Mwaka ule mzima Aika alitoa miji mingi. Alitoa Babati, Tanga, Mwanza, akatoa na Dar es Salaam pamoja na bandari yake. Mji mmoja tu hakuutoa. Elifuraha alimchokoza siku moja, akamwambia mbona hutoi Maji ya Chai, ni mji huu. Aika akajibu kwamba huo hautoi kwa mtu, huo ndio atakaokaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Aika akakaa. Akangoja. Tabea akaendelea kupepeta, maharage yakiruka na kutua, wala hakutega kitu. Hapo ndipo Aika alipoanza kusikia baridi isiyo ya Julai.

Akainua macho. Juu ya mlango wa nyumba kubwa, limechomekwa kati ya ukuta na boriti, palikuwa na isale. Limefungwa fundo. Ncha zake zilikuwa zimeanza kulegea, kwa hiyo halikuwa la leo. Na fundo lile lilikuwa limekazwa kwa uzi wa zambarau, uzi ule ule ambao Mama Aika alishonea majoho ya kwaya.

Wachaga na Wameru, watu wa kina Elifuraha, wana mengi ya kutaniana na mengine ya kugombana, lakini jani hili wote wanalijua. Mtu akikuletea isale amelishika kwa mikono miwili, hata kama alikuua mzazi, hulirudishi. Unalipokea, unasamehe, na jambo linafungwa pale pale. Anayelikataa, na anayelipokea kisha akalifukua jambo, wote wawili watu huwakwepa, na shari huwatafuta wao na watoto wao. Ndivyo walivyolelewa. Wasomi huligusa kwa mzaha mjini, lakini sijamwona msomi aliyeletewa akalikataa.

"Mama, hili limeletwa na nani?"

Tabea akageuza shingo akamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama yako hakukwambia?"

Akamweleza kwa utulivu, ungo uko magotini. Mama Aika alikuja jana, peke yake, kwa miguu kutoka barabarani. Alikataa kiti. Alipiga magoti hapo hapo kwenye tope, na viatu vyake vizuri vile. Alianza na neno la Pasaka, lile la kumtaka kijana atabasamu mbele ya wageni, akasema limemnyima usingizi tangu siku ile, akalia. Na kilio kilikuwa cha kweli, Tabea alisema, mimi nimelia vya kutosha, cha uongo nakijua. Ndipo akasema la pili. Akasema binti yake amechagua kusoma yote mawili, miaka sita, na ameona aibu kuja kusema mwenyewe, kwa hiyo wamwachilie, wasimwekee kinyongo.

"Nikalipokea," Tabea alisema. "Ningefanya nini, mwanangu? Nimrudishe mwanamke mzima yuko magotini?"

"Mama, mimi sikumtuma. Sijachagua miaka sita. Nimechagua minne. Leo asubuhi, kwa mkono wangu."

Ungo ukasimama. Tabea akaita kuelekea shambani, sauti yake ikakatika katikati ya jina.

*

Elifuraha alikuja na jembe begani, suruali imekunjwa, udongo mweusi umempanda hadi magotini. Alipomwona Aika alisimama mbali, kama mtu aliyekuta mgeni wa ofisi. Hakumpa mkono. Alisema tu, habari za mjini, na Aika akajibu nzuri, na wote wawili wakaona ubaya wa salamu ile.

Wakaenda kusimama penye mtambo, nyuma tu ya jiko. Kuku mmoja alitoka ndani ya tangi akilalamika.

Aika alimweleza yote haraka, ile mipango yake ya njiani yote imepotea. Kwamba hakujua. Kwamba aliliona shina limekatwa akadhani msiba. Elifuraha alisikiliza akitazama udongo. Alisema jana aliporudi alikuta jani limeshapokelewa, na usiku alishika simu ampigie, akairudisha. Angempigia ni sawa na kudai, na kudai ni kuvunja msamaha wa mama yake.

"Kwa hiyo uliamini?" Aika akamwuliza. "Kwamba nimeona aibu, nikamtuma mama anilegezee kamba?"

"Niliamini. Nikakasirika. Halafu alfajiri hasira ikaisha, nikabaki na kitu kingine." Akatafuta neno. "Nikafurahi kidogo. Nilisema, angalau amechagua kile alichokitaka. Hukuwahi kusema, ila nilikuwa nakuona."

Aika akatoa simu mfukoni akampa. Mikono ya Elifuraha ilikuwa na udongo, akaifuta kwenye shati kwanza. Akasoma. Akasoma tena. Aika alikuwa akiutazama uso wake, akingojea lile dirisha lifunguke. Halikufunguka.

"Uchumi uko wapi?"

"Nimeuacha."

"Kwa nini?"

"Eli, unaniuliza kwa nini? Ili nirudi mapema. Kwa ajili yako."

Akamrudishia simu polepole kama kitu cha moto.

"Mimi sikukuomba hilo."

"Ulisema utaningoja miaka minne."

"Nilisema nitakungoja. Wewe ndiye uliyetaja minne." Akalipiga teke dogo tangi la saruji, sauti ikatoka tupu. "Utarudi baada ya miaka minne, utajenga mwingine kama huu, mzuri kuliko huu. Kuku watataga."

Neno hilo lilimchoma Aika kuliko yote aliyoambiwa na mama yake mwaka ule. Akamjibu kwa ukali. Akamwambia ni rahisi kusema hivyo ukiwa si wewe unayelala ukuta mmoja na mama anayekuombea uachwe. Akamwambia kila akiutamani uchumi anasikia sauti ya mama yake ndani yake, na hataki kumpa mama ushindi. Akamwambia kama hamtaki aseme wazi, asijifiche nyuma ya chuo.

Elifuraha alingoja amalize.

"Unajua niliacha chuo cha misitu, Olmotonyi," alisema.

"Najua. Mama alianguka."

"Muhula wa kwanza. Niliacha kitanda kimetandikwa. Kila mtu alinisifu, mchungaji alinitaja kanisani." Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, macho yakiwa mbali kwenye ukungu ambako mlima ungekuwa. "Sijawahi kumwambia mtu hili. Mama yangu nampenda, ningeacha tena. Lakini kuna siku, Aika, ninaporudi shambani nimechoka, namkuta amekaa pale kwenye kigoda, namtazama, na moyoni linapita neno baya. Linapita tu, halikai. Nalifukuza. Kesho yake linapita tena."

Jikoni, mlio wa maharage kwenye ungo, uliokuwa umeanza tena, ulinyamaza.

Elifuraha aliusikia ukimya ule. Aika aliusikia. Hakuna aliyegeuka.

"Sitaki siku moja unitazame mimi hivyo," alimalizia. "Umepika vizuri, umeniwekea chakula, umekaa, halafu linapita."

Aika alitaka kusema halitapita kamwe. Mdomo ulifunguka. Lakini alikumbuka asubuhi, miguu juu ya sakafu ya baridi, na ule uzito wa baada ya kubonyeza. Lilikuwa limeshapita. Halikungoja hata siku iishe.

Akalia. Elifuraha akamsogelea, akanyoosha mkono, ukaishia hewani, maana kwa jani lile pale mlangoni Aika hakuwa wake tena wa kumfuta machozi.

"Twende kwa mama," Aika alisema. "Tumrudishie mama yangu jani lake. Lilikuja na uongo."

Walimkuta Tabea kwenye kigoda chake, ungo umewekwa chini. Hakusema kama alisikia au hakusikia. Elifuraha alipiga magoti mbele yake, na Tabea akamwekea kiganja kichwani, akakiacha hapo. Kwa muda walikaa hivyo, na Aika akasimama pembeni kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Aika alipoomba jani lirudishwe, Tabea alitikisa kichwa. Alisema nusu ya aliyoyasema mama yake ilikuwa kweli tupu, na fundo ni moja, la Pasaka na la kuachiliwa. Halifunguliwi upande mmoja. Akilirudisha, amemlaani yule mwanamke kwa machozi aliyoyalia kweli, na laana ikienda kwa mama haitamruka mtoto.

"Nilikuwa nakungoja kwa hamu, mwanangu. Nisikufiche," alisema Tabea, amegeuza shingo, jicho moja likimtazama Aika. "Nilikuwa najua hata sufuria nitakayokupa. Lakini mwanangu mimi aliniachia chuo, na nimekuwa nikikila chuo hicho kila siku pamoja na ugali. Kinashuka kwa shida. Sitaki mwingine aniletee sahani kama hiyo."

Elifuraha akaficha uso kwenye khanga ya mama yake.

*

Elifuraha alimsindikiza Aika hadi penye mtambo tena, hakufika barabarani. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, lakini mlima haukujitokeza. Siku nyingine hugoma hivyo kutwa.

Aika akatoa simu. Chuo kiliruhusu kubadili mpaka kesho.

"Mama yangu atashangilia," alisema.

"Mwache ashangilie. Hatajua ulichagua kwa lipi."

Akabonyeza. Uhandisi wa maji na uchumi. Miaka sita. Skrini ikamwuliza kama ana uhakika, na safari hii hakuharakisha kujibu. Alilitazama tangi, mabomba yaliyoota kutu, manyoya ya kuku. Akajibu anao. Hakuna kilichobadilika pale. Kijito kiliendelea kupita chini yao na rangi yake.

Walibaki wamesimama. Yako mambo ya kusema siku kama hiyo, na mtu akiyasema yanaharibika. Mwishowe Elifuraha akageukia mchezo wa mama yake.

"Kitendawili."

Aika akafuta uso kwa ukingo wa koti. "Tega."

"Namngoja kila siku, na akifika si yeye tena."

Aika akafikiri. Hakufikiri sana.

"Ni mimi. Baada ya miaka sita."

"Siyo."

"Basi ni wewe."

"Siyo. Umeshindwa. Nipe mji."

Akaipitia miji yake yote kichwani. Ilikuwa imekwisha, yote alikwisha kuitoa kwa vicheko. Ulibaki ule mmoja. Akautazama: paa la jiko na moshi wake, migomba, mwanamke aliyepinda juu ya kigoda, jani juu ya mlango.

"Nakupa Maji ya Chai."

Elifuraha akaupokea kwa kichwa, kama mtu anavyopokea mzigo. Kisha akafanya kama desturi inavyotaka, akaenda kwenye mji aliopewa.

"Nilikwenda Maji ya Chai," alisema. "Nikakuta kijito, nikanywa. Nikakuta mama mmoja, akanipa maharage. Nikakuta na msichana wa mjini, tukakaa naye mwaka mzima, akanifundisha kucheka. Nikarudi. Jibu ni kesho."

"Kesho," Aika akarudia.

Akajaribu kumchekea, ili waachane na kitu. Na Elifuraha, kwa huruma, naye akajaribu. Kicheko kikamjia kweli, kidogo, cha uchungu, na kabla hakijafika midomoni, mkono wake ulipanda wenyewe ukaziba mdomo.